Historia ya Boaz Mwadime, Mpanda Baiskeli wa Ijumaa

Mchungaji, wafanyakazi wenza wa marehemu, majirani wa Al Barsha na Al Twar, ndugu zetu Wakristo na Waislamu mliokuja na vumbi hili la leo machoni, mimi ni Severina Mghoi, dada yake Boaz, niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne na kumfokea kwa miaka yote iliyobaki, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla jeneza halijapelekwa uwanja wa ndege jioni hii. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu historia hii ina mahali ambapo mimi mwenyewe, mtu wa kanisa, sipapendi, lakini wazee wetu kule Taita wamesema kwa simu kwamba isomwe yote, kwa kuwa kuna neno limetembea humu Dubai tangu mwaka 2014, kwamba Boaz alimwacha mwenzake afe jangwani akaenda kunywa chai, na mtoto wake hawezi kukua akiwa amebebeshwa neno hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, kijijini Mwanda, katika milima ya Taita, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Nathanaeli Mwadime na mama Eliza Mkanyika, ambaye yuko hai lakini miguu haimruhusu tena safari. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, na wale mnaotoka kwetu mnajua ukungu wa asubuhi unavyofunga njia, basi yeye ndiye aliyekuwa akitembea wa mwisho, nyuma ya watoto wadogo, na walimu walizoea kwamba Boaz akiingia darasani mlango unaweza kufungwa. Aliendelea na sekondari mjini Wundanyi kuanzia 1994 hadi 1997, akamaliza kidato cha nne kwa alama ambazo baba alizikubali kwa shingo upande, na katika miaka hiyo ndipo alipojifunza baiskeli kwa kuiba ile nyeusi ya baba, isiyo na breki, akateremka nayo mlima mzima mpaka ikamwingiza kwenye migomba ya jirani, na mama akamchapa kwa ajili ya ile migomba.

Mwaka 1999 alipata kazi ya ulinzi katika hoteli moja mjini Voi, akaifanya hadi mwaka 2008, na tarehe 6 Februari 2009 akafika hapa Dubai, akaajiriwa kuwa mlinzi katika jumba la maduka huko Al Barsha, ambako mwaka 2012 alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka mwili ulipomkatalia. Mwaka huo huo wa 2012 alinunua kwa Mfilipino mmoja aliyekuwa akirudi kwao baiskeli ya mashindano, ile ya matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na kuanzia hapo kanisa lilimpoteza, maana nyote mnajua kwamba hapa Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, na Ijumaa ndiyo siku ambayo Boaz na wenzake, walinzi, wapishi na madereva, walikuwa wakienda kupanda baiskeli kwenye barabara za jangwani, pembeni mwa mashamba ya ngamia. Nilimwuliza mara nyingi mtu mzima anafuata nini huko, naye alinijibu kwamba mwezi wa tatu, baada ya mvua kidogo, majani mabichi huchipua chini ya mighafu, ile miti ya jangwani, ngamia wana watoto, na upepo unaitoa kichwani kelele yote ya wiki.

Katika baiskeli hizo ndimo alimopata rafiki, marehemu Jamiru, Mganda wa Masaka, mlinzi mwenzake, Mwislamu wa swala tano, mcheshi, ambaye aliishi Al Twar na dada yake Jalia katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba kwa familia nyingi. Jamiru ndiye aliyemjulisha Boaz kwa Trinah, binti wa Kabale aliyekuwa akifanya kazi ya dobi hotelini pamoja na Jalia, nao wakafunga ndoa takatifu mjini Wundanyi tarehe 27 Desemba 2013, na Jamiru alikata tiketi akaja mpaka milimani kwetu, akala, akacheza, akatetemeka kwa baridi mpaka mama akamvisha koti la marehemu baba.

Sasa nifike pale ambapo watu wamepasemea sana, na kwanza nieleze jambo ambalo sisi tusiopanda baiskeli hatulijui. Waendesha baiskeli hawapambani na upepo kila mtu kivyake, bali mmoja hutangulia akaubeba kifuani, mwingine akajibana nyuma ya gurudumu lake akapumzika, na wa mbele akichoka hupunga kiwiko mara moja, hapo wa nyuma hupita akashika zamu, na katika mstari huo hakuna kugeuza shingo, kwa kuwa anayegeuka huyumba na kuwaangusha wote, hivyo mtu humwamini mwenzake kwa masikio tu. Na wana sheria yao kwamba safari haijaisha mpaka wa mwisho afike, wala chai haiagizwi mpaka wote waegeshe.

Siku ya Ijumaa, tarehe 21 Machi 2014, wenzao waliona mbingu imekuwa ya manjano wakarudi kulala, lakini Boaz na Jamiru wakaondoka wawili peke yao, ingawa Rafiq, mwenye kafeteria pale barabara ya jangwani inapoanzia, aliwasimamia mlangoni akiwaambia kwa Kiarabu chake, sadiki, rafiki yangu, leo upepo wa shamali ni mbaya, rudini, na Jamiru ndiye aliyecheka akasema yalla, twende mara moja na kurudi. Walipokuwa wakirudi upepo ukawakuta uso kwa uso, mchanga ukaifuta barabara, Boaz akiwa mbele, akilisikia nyuma yake gurudumu la Jamiru, ambalo lilikuwa na mlio wake wa tikitiki kila alipoacha kukanyaga, kisha upepo ukazidi akawa hasikii kitu, akaendelea kuubeba kwa muda mrefu mpaka miguu ikamwishia, akapunga kiwiko. Mtu akapita upande wake wa kushoto, ameinama, amejifunga kitambaa usoni, rangi zake hazionekani kwa vumbi, akashika mbele, na Boaz akajibana nyuma yake akijua ni Jamiru, maana angekuwa nani mwingine.

Alinisimulia mwenyewe, na sikuongeza chumvi, kwamba hajawahi kupumzika nyuma ya mtu namna ile, kwamba upepo ulikatika kabisa, kwamba aliyekuwa mbele hakuchoka, hakupunga kiwiko, hakukohoa, na kwamba jambo pekee lililomshangaza ni kwamba Jamiru, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata akipanda mlima, siku hiyo hakusema neno. Walipoikaribia kafeteria yule wa mbele alizunguka nyuma ya jengo, mahali wanapoegesha, naye Boaz, akijua kwamba wa mwisho ni yeye na ameshafika, akaingia ndani akipangusa macho, akaagiza chai mbili za maziwa, akaanza kunywa yake. Rafiq akamwuliza hii ya pili ni ya nani, kwa kuwa yeye alikuwa ameushika mlango using'olewe na upepo, amemwona akija tangu mbali, na amekuja peke yake.

Boaz alikwenda nyuma ya jengo akakuta ukuta na mchanga. Rafiq aliwasha pikapu yake wakarudi wote wawili, wakamkuta Jamiru mbali sana, kwenye uzio wa shamba la ngamia, ameketi upande usio na upepo, mgongo kwenye nguzo, baiskeli ameilaza kwa adabu mnyororo ukiangalia juu, na mchanga umekwisha kumjaa mapajani. Ngamia walikuwa wamejipanga mstari mmoja ndani ya uzio, na Boaz alisema hawakuwa wakimtazama Jamiru, walikuwa wanatazama barabara, upande wa kafeteria, alikotoka yeye. Daktari aliandika kwamba ni moyo, akasema kwamba kwa jinsi alivyomkuta amekufa mapema, na Boaz akapiga hesabu ya barabara, akajua kwamba pale uzio ulipo alikuwa amepita zamani kabla ya kupunga kiwiko. Nani basi aliyepita kushoto kwake akambebea upepo mpaka nyumbani, mimi sijui, na sitaki mtu aniulize nikitoka hapa.

Jamiru alizikwa kesho yake hapa hapa Dubai, na makaburini Jalia alimwambia Boaz mbele ya watu wote, ulimwacha ndugu yangu kwenye upepo ukaenda kunywa chai, akamfungia mlango, na kwa miaka minne hakumpa hata salamu. Simlaumu, dada ni dada, na mimi ningesema mabaya zaidi. Wapanda baiskeli nao walianza kumkwepa, wengine mko humu ndani na mnajijua, na Boaz hakujitetea, kwa sababu angejitetea aseme nini, kwamba alikuwa akimfuata nani.

Tarehe 9 Septemba 2015 Mungu aliwajalia Boaz na Trinah mtoto wa kike, Wakesho, ambaye sasa yuko kwa bibi yake Mwanda, na furaha ya nyumba hiyo ingetosha, lakini jambo lilikuwa limeshaanza mwezi wa tatu wa mwaka huo. Boaz alikuwa akipanda peke yake Ijumaa yenye upepo, na alipoupita ule uzio wa ngamia alisikia nyuma yake tikitiki, tikitiki, na mgongo wake ukawa mtulivu ghafla, kama chumbani mtu anapofunga dirisha, naye hakugeuka, akaenda vilevile mpaka kafeteria ya Rafiq, na hapo mlio ukakatika. Usiku ule alimwambia mkewe, Trinah, yuko nyuma yangu, anataka kwenda nyumbani, lazima nimfikishe.

Upepo wa aina hiyo huja siku chache kila mwaka, Machi na Aprili, na nje ya siku hizo hakusikia kitu hata akipita uzio ule mara mia. Mwaka 2016 alimleta mpaka Al Barsha, karibu na jumba la maduka walikofanya kazi pamoja, na hapo akampotea kwenye taa za barabarani, na mwaka huo huo ndipo kifua kilipoanza kumsumbua, daktari akasema mapafu yamechoka na vumbi na kumkataza baiskeli kabisa. Trinah, wifi yangu, mwanamke mpole kuliko sisi wote, alilifungua gurudumu la mbele akalala nalo kitandani msimu mzima kama mtoto, na Boaz akaazima jingine. Nilimwita Mchungaji akaja kumwombea, Mchungaji unakumbuka, alipiga magoti kwa heshima, akaitikia amina, na Ijumaa iliyofuata akatoka.

Tarehe 7 Aprili 2017, Ijumaa, madam wangu wa Rashidiya, ninayemfanyia kazi za nyumbani, alikuwa na wageni, kwa hiyo sikupata mapumziko, nikawa nje nafagia mchanga mbele ya geti katikati ya upepo, na kijana wetu Boaz akatokea barabarani, midomo imepauka, akasimama mbele yangu mguu mmoja chini, macho yakitazama mbele tu, akaniuliza kwa sauti ndogo, dada, yuko? Nilitazama nyuma yake na nikaona barabara tupu, na nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane, lakini mchanga ulikuwa umetandaa juu ya lami, mpya, laini, na juu yake palikuwa na alama ya matairi ya Boaz ikija mpaka miguuni pangu, na nyuma yake alama nyingine nyembamba, ikiifuata, ikaishia mbali kidogo na geti. Hapakuwa na nyayo za mtu kushuka. Nilimwambia hakuna mtu, nenda ukalale, na alipoondoka nikaifagia barabara yote mpaka kwa jirani, na jioni nikavunja sahani ya madam. Niliogopa, ndugu zangu, na nasema wazi kwamba bado naogopa.

Mwaka huu wa 2018 marehemu alilazwa kwa nimonia tarehe 11 Machi akaruhusiwa tarehe 25, akiwa amekonda, anapumua kwa mabega, na Trinah alimwomba kwa jina la Wakesho asitoke tena, akamwambia Jamiru ameshakufa lakini mtoto yuko hai. Boaz alimjibu, mke wangu, khalas, imekwisha, nimebakiza Al Twar tu, nikimwacha njiani sasa nitakuwa nimemwacha kweli. Tarehe 30 Machi, siku ya Ijumaa Kuu, sisi tukiwa humu humu kanisani tunaimba, na upepo ukipiga mabati ya jengo la pili mpaka Mchungaji akapandisha sauti, yeye alikuwa barabarani, na namna kifua kile kilivyomvuta kutoka jangwani mpaka Al Twar hata madaktari hawakuieleza.

Yaliyofuata nayasoma kwa idhini ya Jalia mwenyewe, ambaye ameketi pale mstari wa mbele, ameshikana mkono na Trinah. Jalia alikuwa chumbani kwake anakunja nguo, kabla ya adhuhuri, akasikia mlango wa nje umefunguka, na baiskeli ikasukumwa ndani ya korido, tikitiki, polepole, kama mtu aliyechoka anavyoisukuma, ikapita mbele ya chumba chake, ikaenda mpaka mwisho, chini ya ngazi, mahali ndugu yake alipokuwa akiiegesha, ikatulia. Alikaa na shati mkononi akijiambia ni ndoto. Lakini Masuda, jirani yake wa chumba cha pili, aliyehamia pale mwaka 2016 na ambaye hajapata kumjua Jamiru hata kwa picha, alipiga kelele kutoka ndani kwake, nani huyo anaingiza baiskeli na mchanga wote huo, korido nimeipiga deki sasa hivi!

Jalia alifungua. Hapakuwa na baiskeli wala mtu, palikuwa na mstari mwembamba wa mchanga juu ya vigae vilivyokuwa bado na maji, kutoka mlangoni hadi chini ya ngazi, na Masuda naye alitoka akauona, yuko humu, mnaweza kumwuliza. Jalia akaufuata mstari ule kinyume, mpaka nje, akamkuta Boaz ameketi kwenye ukingo wa barabara, baiskeli yake imelala, hajaingia getini hata hatua moja, na akamwuliza bila kuinua kichwa, Jalia, amefika? Jalia aliketi chini kando yake, mahali pale pa vumbi, akamwambia, amefika, kaka yangu, ameshaingia ndani, akamshikilia begani mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.

Marehemu alilazwa siku hiyo hiyo, nimonia ikamrudia kwa nguvu, na siku ya Jumanne, tarehe 3 Aprili 2018, saa nne asubuhi, akaaga dunia, Trinah akiwa upande mmoja na mimi upande mwingine, bila kuhangaika, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Ameacha mjane, mtoto mmoja, mama, na sisi ndugu zake wanne, na atazikwa nyumbani Mwanda siku ya Jumatano ijayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mara zote mbili, msimamizi wake wa kazi aliyetoa gari la kumchukua hospitalini na hakuhesabu siku zake za ugonjwa, walinzi wa zamu yake waliosimama badala yake, Rafiq aliyefunga kafeteria yake leo ili awe hapa, na majirani wa Al Barsha waliomletea Trinah chakula mpaka sufuria zikakosa mahali pa kuwekwa. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Jalia, ambaye jana usiku nilimwuliza, dada kwa dada, kama alisikia kweli ama alikuwa anamfariji mgonjwa, naye akaniambia, Severina, kwa miaka minne nilikuwa nikilala nikisikia mtu nje kwenye upepo, na tangu Ijumaa ile nalala. Akaomba nisome mbele yenu kwa sauti, kwa hiyo nasoma, ndugu yake Jalia hakuachwa, na anayesema vinginevyo kuanzia leo aende akamwambie yeye.

Sasa wapanda baiskeli, nawaona mlivyovaa, na baiskeli zenu nimeziona ukutani nje, mmekuja mkitaka kumsindikiza nyuma ya gari mpaka uwanja wa ndege, na najua wengine mnafanya hivyo kwa sababu mlimkwepa. Tumepokea nia yenu kwa moyo mmoja, lakini Boaz aliacha neno kwa mkewe hospitalini, nalo ni agizo la marehemu, kwamba asifuatwe na baiskeli hata moja, kwa kuwa amechoka kusikiliza, na anataka safari hii aisafiri bila kusikia gurudumu nyuma yake. Ziacheni pale pale zilipo, mje na sisi kwa basi.

Upepo bado unavuma huko nje, mnausikia, na mimi tangu asubuhi nimeusikiliza kwa makini kuliko ninavyotaka kukiri, na ni upepo tu. Pumzika kwa amani, Boaz, mtoto wa mama yangu, nenda taratibu, na safari hii ukitaka geuka utazame, hakuna mtu nyuma yako.